Jasho la Bwana wa Kilo Sabini

Jumapili iliyopita nilikuna nazi mbili. Sikutoka nje, sikupanda ngazi, sikukimbizwa na mbwa. Nilikaa juu ya mbuzi, miguu nimeitandaza mbele kama mtoto anayesubiri uji, nikakuna. Nilipoinuka, saa iliyo mkononi mwangu ikatetemeka na kunitangazia kwamba nimetembea hatua 1,140. Ikanirushia na fataki za rangi kwenye kioo chake, kama vile nimerudi na medali kutoka Olimpiki.

Kesho yake maji yakakatika. Nilibeba madumu sita ya lita 20 kutoka kisimani kwa jirani hadi ghorofa ya tatu, mawili kwa kila safari, mgongo ukilia kama mlango wa stoo. Nilipotua dumu la mwisho nilikaa sakafuni, sina hata nguvu ya kulalamika, na wanaonijua watakuambia hiyo si hali ya kawaida. Nikatazama saa. Kimya. Mkono ulioshika dumu hunyooka kama wa askari wa gwaride, haubembei, na mkono usiobembea kwa saa hii ni mkono wa mtu aliyesimama kwenye foleni. Hatua 96. Hakuna fataki.

Mimi ni mhasibu. Miaka 27 nimekaa nyuma ya meza nikipokea vocha za watu waliosafiri kikazi hadi Dodoma na kurudi na stakabadhi za hoteli iliyoko Bagamoyo. Nambari isiyo na stakabadhi naisikia harufu kabla haijafika mezani. Ndiyo maana naona aibu kukiri kwamba kwa miezi mitatu mizima nimekuwa nikitunza vitabu vyangu vya mwilini kwa kufuata maneno ya kitu kinachodhani kukuna nazi ni matembezi.

Mambo yalianza kliniki. Daktari, kijana mdogo anayeweza kuwa mwanafunzi wa mwanangu, alinipandisha kwenye mzani ukasoma kilo 91, akanipima presha, akaandika kitu kirefu, kisha akasema, "Mzee wangu, tutembee." Nilidhani anataka tutoke nje tuzungumze. Kumbe ananiandikia dawa. Nyumbani binti yangu akasikia, na mwisho wa mwezi akaniletea kiboksi cheusi chenye saa janja ndani. "Baba, hii itakusimamia," akasema. Nilimbariki. Sikujua naajiri msimamizi anayeghushi mahudhurio.

Nikafungua daftari. Kushoto, kilichoingia mdomoni. Kulia, kilichochomwa kwa mujibu wa saa. Salio likiwa zuri, nilijilipa. Malipo yalikuwa chapati, kwa sababu mama ntilie wa kona yetu ana chapati ambazo, nasema kwa dhati, zingepaswa kulindwa na serikali. Saa ikisema nimechoma kalori 500, najihesabia chapati moja na maharage. Ikisema 700, chapati mbili. Mfumo safi. Kila Ijumaa nilifunga hesabu, na kila Ijumaa nilikuwa na ziada.

Mke wangu hakusomea uhasibu, ila ndiye mkaguzi wa ndani wa nyumba hii na hana bodi anayoripoti kwake. Alichungulia daftari mara moja tu. "Baba watoto," akasema, "hiyo saa inakupenda kuliko mimi."

Nikampuuza. Baada ya miezi mitatu nikarudi kliniki, kifua mbele. Mzani ukasoma 94.

Kwenye kazi yetu, leja ikionyesha faida na benki ikionyesha huna kitu, hatuiiti benki mwongo. Tunatafuta nani aliandika leja. Nikaenda nyumbani, nikavua saa, nikaiweka mezani chini ya taa, nikaitazama kama ninavyowatazama watu wa masurufu yasiyorejeshwa.

Ukweli lazima usemwe, mkosaji wa kwanza nilikuwa mimi. Siku ya kuisajili, saa iliniuliza uzito. Binti alikuwa amesimama pembeni. Nikasema 82, uzito niliokuwa nao siku ya harusi yangu. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilichezea mipangilio nikagundua siri: ukijiongezea kilo, kalori zinapanda. Mtu mzito hutumia nguvu nyingi zaidi kusogeza mwili wake kwa umbali uleule, kwa hiyo kwa saa mnene ni tajiri. Nikajipandisha hadi 90. Wiki iliyofuata 98. Mwishowe nilisimama kwenye 105, na pale nikaanza kuona maisha matamu. Kutoka nyumbani hadi kituoni tu nilikuwa nimeshapata nusu chapati. Nimewafukuzisha watu kazi kwa makosa madogo kuliko hilo.

Lakini hata baada ya kurudisha uzito wa kweli, mambo hayakunyooka. Nikafanya nilichofundishwa: ukimshuku shahidi mmoja, ita wengine. Asubuhi moja nilitembea kilomita 5 kwa saa moja, Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi zaidi ya mara mbili, pamoja na wale vijana wanaokimbia huku wakijipiga picha. Saa ikasema kalori 468. Programu iliyo kwenye simu mfukoni, mwili huohuo, daraja hilohilo, ikasema 329. Jioni shemeji yangu akanipeleka jimu anakofanyia mazoezi, nikapanda mashine ya kukimbilia, nikaiwekea kilomita 5 kwa saa ileile moja. "Shem, shika hapo mbele usije ukaanguka," akasema. Nikashika. Mashine ikasema 410. Haikuniuliza uzito. Haikujua pia kwamba nilikuwa nimening'inia kwenye vile vyuma kama konda kwenye mlango wa daladala, nusu ya uzito wangu ukibebwa na mikono. Ilikuwa inamhesabia mtu mwingine kabisa, mtu mwenye heshima anayetembea mikono mitupu.

Mashahidi watatu, maelezo matatu. Ukiwa na wajomba watatu waliohudhuria harusi moja wanaweza kutofautiana hivyo, lakini wajomba hawauzwi kwa laki kadhaa.

Usiku huo sikulala. Nilikaa sebuleni na simu nikisoma, na nitawaeleza nilichokipata, maana sioni sababu ya kuumia peke yangu.

Kwanza, saa haijawahi kuona kalori hata moja. Ile taa ya kijani inayowaka chini yake inamulika ngozi na kusoma damu inavyopita, na kutokana na hapo inahesabu mapigo ya moyo. Kazi hiyo inaijua kwa kiasi kizuri. Ndani yake kuna pia kijidude kinachohisi mtikisiko, ndicho kilichodanganywa na nazi. Basi. Kilichobaki ni kukisia: moyo unakwenda kasi hii, mwenyewe amesema ana umri huu, uzito huu, ni mwanamume, kwa hiyo tuseme amechoma kadhaa. "Tuseme." Ningeletewa vocha yenye neno hilo ningemwita mwenye nayo ofisini na kufunga mlango.

Na moyo, ndugu zangu, una mengi ya kuukimbiza zaidi ya mazoezi. Joto la Dar mwezi wa pili linaukimbiza. Kahawa tungu ya kwenye kijiwe inaukimbiza. Siku ya mechi ya watani wa jadi nilikuwa kibanda umiza, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sijanyanyua kitu kizito kuliko chupa ya soda. Dakika ya 88 kukapigwa kona. Saa ikatetemeka na kuniuliza iwapo nimeanza mazoezi na ingependa kuyarekodi. Nikabonyeza ndiyo, nani angekataa? Kufikia filimbi ya mwisho nilikuwa na kalori 190 za hofu tupu. Misuli ilikuwa imelala, moyo peke yake ndio uliocheza. Nikaziingiza kwenye leja, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimezitumia kwa mishkaki.

Ukitaka kujua kweli mtu amechoma kiasi gani, njia za uhakika zipo, ila hakuna inayokaa mkononi. Huko Marekani katika miaka ya 1890 Wilbur Atwater, wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, alikuwa akimfungia mtu ndani ya kijichumba maalumu kwa siku kadhaa, akipima joto analotoa, hewa anayopumua, chakula kinachoingia na, samahani kwa wanaokula, kinachotoka. Ni yeye pia aliyetupa zile hesabu tunazozitumia mpaka leo, kwamba gramu ya wanga au ya protini ina kalori 4, na ya mafuta 9. Siku hizi wanaweza kukuvisha barakoa inayopima oksijeni unayotumia. Huyo Atwater namheshimu. Alikagua pande zote mbili za leja, mpaka upande ambao wengi wetu tungepeleka karani.

Sasa nifike kwa bwana mwenyewe.

Programu nyingi za mazoezi, na mashine kadhaa za jimu, zinatumia kipimo kinachoitwa MET. MET 1 ni nguvu unayotumia ukiwa umekaa tu, hufanyi lolote. Kutembea kawaida ni kama 3.5, yaani mara tatu na nusu ya kukaa. Kuna orodha ndefu ya kazi na MET zake, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993 na inayoongezwa kila baada ya muda, ina kila kitu kuanzia kukimbia mpaka kuosha vyombo. Unachukua nambari ya kazi, unazidisha kwa kilo zako, unazidisha kwa saa, umemaliza. Hata mimi nilifanya kwa kikokotoo: 3.5 mara 94, jibu 329. Ndiyo ileile ya simu yangu! Nilifurahi sana. Hatimaye nambari yenye stakabadhi.

Kisha nikafuatilia stakabadhi yenyewe. Hiyo MET 1 wameiwekea thamani ya mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika. Nikauliza, imetoka wapi? Ikaja kuonekana kwamba inatokana na mtu mmoja. Sikukosea kuandika. Mtu mmoja, mwanamume, umri miaka 40, kilo 70. Alikaa, wakampima, akainuka akaenda zake, na tangu siku hiyo dunia nzima imekaa kama yeye.

Mwaka 2005 ukachapishwa utafiti uliowapima watu zaidi ya 700 wakiwa wamepumzika, na wastani wao haukuwa 3.5. Ulikuwa kama 2.6. Yaani ile ya bwana wa kilo 70 ilikuwa imezidi kwa takriban asilimia 35. Na walioachwa mbali zaidi ni wenye mafuta mengi mwilini, kwa sababu mafuta yanakaa tu, hayafanyi kazi ya maana. Sitataja ofisi ninazozijua zilizo hivyo. Kwa miezi mitatu, basi, kila nilipokaa kula chapati niliyodhani nimeitolea jasho, nilikuwa nakula jasho la mtu mwingine. Simjui jina. Huenda alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye watoto. Hajui kuna mzee Dar es Salaam aliyemfilisi kwa chapati.

Wenye kutengeneza saa wana fomula zao wanazozificha kama mchawi anavyoficha tunguli, kwa hiyo usiniulize kama naye yumo ndani ya yangu. Lakini bwana wa kilo 70 hayuko peke yake. Fomula mojawapo maarufu ya kukisia kalori za mapumziko, ambayo vikokotoo vya mtandaoni bado vinaitumia, ilitolewa mwaka 1919 na Harris na Benedict, waliopima wanaume 136 na wanawake 103 huko Marekani. Watu waaminifu, sina ugomvi nao. Ila nina shaka kama kuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusimama kwenye basi la Mbagala saa kumi na moja jioni, kiwiko cha mwenzake kikiwa kimekita kwenye ubavu wake na kuku wa mtu akimkanyaga kidole. Hiyo MET yake ni ngapi?

Halafu nikaupata utafiti ulionimaliza. Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walichukua saa na vikuku saba, wakawavisha watu 60 wa kujitolea, wakawatembeza, wakawakimbiza, wakawapandisha baiskeli, huku wakipima kwa vyombo vya maabara. Kwenye mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Vizuri. Kwenye kalori, kile kilichojitahidi kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kilichoshika mkia, asilimia 93. Vile vifaa ni vya wakati ule na huenda wadogo zake wamechangamka, lakini mimi nimefanya kazi na asilimia maisha yangu yote. Ukikosea asilimia 27 kwenye kazi yangu, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakupa hati yenye shaka. Ukikosea 93, hata hati chafu ni kukupendelea. Unahitaji wakili.

Hapo nilikuwa bado nimekaa vizuri. Nikasoma mstari uliofuata. Makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wanaume, kwa wenye miili mikubwa, kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, na katika kutembea. Nikausoma mara ya pili. Nikainuka, nikaenda kwenye kioo cha korido. Mwanamume, mnene, mweusi wa Kilwa, na mazoezi yangu ni kutembea. Walikuwa wamebakisha kuandika namba yangu ya nyumba.

Bado kuna lingine dogo, na hili liliniuma kitaaluma. Tuseme kalori zile 329 ni sahihi. Bado si zangu zote, kwa sababu ndani yake zimo zile ambazo ningezichoma hata kama ningebaki kitandani saa hiyohiyo nikikoroma. Ni kama bosi akupeleke semina Arusha, arudi akwambie amekulipa milioni moja, kumbe laki saba humo ndani ni mshahara wako wa kila mwezi. Posho halisi ni hiyo iliyobaki. Wanaojua wanasema kutembea kilomita moja tambarare kunakuongezea kama nusu kalori kwa kila kilo uliyo nayo. Kilo 94, kilomita 5, piga hesabu: 235. Saa ilinipa 468. Karibu mara mbili yake. Tuna jina la kitu hiki nchini kwetu na kila mtu analijua. Tulipokuwa na watu kwenye orodha ya mishahara wasiokuwepo duniani tuliwaita wafanyakazi hewa. Hizi ni kalori hewa.

Na chapati haikuwa hewa. Unga wa ngano gramu 100 una kalori kama 360. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, 120. Mama ntilie wetu hatumii kijiko, anatumia kikombe cha bati na moyo mkunjufu. Chapati yake moja haipungui 300, na hapo namtetea kama jirani. Nikijilipa mbili, zinaingia 600 na ushee, kwa matembezi yasiyofika hapo. Kilo ile moja kwa kila mwezi haikuwa muujiza.

Hata zile hatua 10,000 binti yangu alizoniwekea kama lengo la siku, nilikuwa nadhani ni agizo la madaktari. Kumbe zilitokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, na jina lake tu ndilo lililomaanisha hatua elfu kumi. Jina la bidhaa! Ni kama tungeamua kila Mtanzania anywe chupa saba za maji kwa sababu kuna duka linaitwa Saba Saba.

Kilichonifanya niweke simu chini hakikutoka Marekani, kilitoka hapa hapa kwetu. Kando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao chakula chao ni kukiwinda, kukichimba au kukitoa kwenye mzinga juu ya mbuyu. Herman Pontzer na wenzake walikwenda kuwapima na wakachapisha matokeo mwaka 2012. Hawakutumia saa. Waliwanywesha maji ambayo haidrojeni na oksijeni zake zimetiwa alama, kisha wakachunguza mkojo kwa siku kadhaa kuona alama zile zinatoka kwa kasi gani. Hicho ndicho kipimo kinachoaminika kuliko vyote kwa mtu anayeendelea na maisha yake. Wanaume wale wanatembea kama kilomita 11 kwa siku. Kila siku, bila fataki. Ukizingatia ukubwa wa mwili, kalori wanazotumia kwa siku nzima zikakutwa hazina tofauti na za watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti.

Sikuelewa. Nikasoma tena. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili hauongezi matumizi bila mwisho. Una bajeti. Ukiutembeza sana, unabana kwingine ndani kwa ndani, kama mama mwenye nyumba ambaye ada za shule zikipanda hakuombi hela zaidi, anapunguza nyama kwenye mchuzi na wewe hujui mpaka unapotafuta kijiko cha pili. Wataalamu wenzake bado wanavutana naye juu ya ubanaji huo unafika wapi. Kutembea kwenyewe hakuna anayekupinga, kunasaidia moyo na presha na usingizi, na kweli presha yangu imeshuka, daktari alinionyesha. Lakini habari ya kutembea ili kununua chapati, Wahadzabe wamenifungia duka.

Asubuhi nikamweleza mke wangu yote: bwana wa kilo 70, Stanford, kalori hewa, Ziwa Eyasi. Alikuwa anachambua mchele, hakunitazama. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo umekesha kusoma kwamba ukila sana unanenepa?"

"Si hivyo tu, mama..."

"Na hilo taa la sebuleni limewaka usiku kucha."

Nikanyamaza. Nikavua saa nikaiacha juu ya kabati la vyombo, nikaapa siivai tena. Daftari nikalifunga kwa mistari miwili myekundu, kama inavyotakiwa unapofunga vitabu vya taasisi iliyofilisika.

Jumamosi nilikuwa barazani nasoma gazeti niliposikia jikoni kishindo cha unga ukikandwa. Harufu ikafuata. Nyumbani kwetu chapati hupikwa kwa nadra, kwa hiyo nilijua kuna kitu. Nikaingia. Mke wangu alikuwa juu ya beseni, mikono imezama hadi viwiko, anakanda kwa nguvu ya mtu mwenye kesi na ule unga. Na kwenye kifundo cha mkono wake, imepakwa unga, saa yangu.

"Nilitaka tu kuona," akasema.

Alikanda, akakata matonge, akasukuma, akakunja, akasukuma tena, akageuza kwenye kikaango. Karibu saa nzima mkono ule haukutulia. Mwisho wake saa ikatetemeka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona tangu inifahamu. Akaifuta kwa kona ya kanga, akasoma kwa sauti: hatua 4,300, kalori 540.

"Mke wangu," nikasema, na hapa sauti ya mhasibu ikanitoka bila kuitaka, "hizo si zako. Hiyo saa inakuhesabia mwanamume wa miaka 55 mwenye kilo 94."

Akaitazama tena, akabonyeza huku na huku. "Humu imeandikwa 105."

Kumbe nilipodhani nimerekebisha, sikubonyeza kuhifadhi. Nikatafuta la kusema, nikalikosa.

Chakula kilipotengwa, chapati zilikuwa kwenye hotpoti upande wake. Mbele yangu kulikuwa na sahani ya matango yaliyokatwa vizuri, na ndimu. Nilinyoosha mkono kuelekea hotpoti, akalivuta taratibu.

"Hizi nimeshazilipia," akasema. "Zako ziko Daraja la Tanzanite."

Akachana ya kwanza. Saa ikatetemeka kwenye mkono wake, akaigeuza nione kioo: fataki, na chini yake jina langu.